Siku 40 hazifungi mlango wa toba

Iko hesabu moja ambayo baadhi ya Waislamu wa mwambao wetu wameihifadhi kuliko wanavyohifadhi hesabu ya zaka. Ikifika ishirini ya mwezi wa Rajabu, utawasikia vijana, na watu wazima pia, wakiambiana kuwa sasa ndio wakati wa kuweka chupa chini. Kwa nini? Kwa kuwa zimebaki siku 40 kuingia Ramadhani, na atakayekunywa baada ya hapo, wasema wao, saumu yake itakuwa ni kushinda na njaa tu. Aliyewahi kuacha siku hiyo hujihesabu yumo. Aliyepitiwa akanywa mwanzo wa Shaabani hujihesabu ametoka, basi huendelea na kunywa kwake mpaka mwezi uandame. Na wako ambao Ramadhani yote humalizika hawakufunga wala hawakuswali, na hoja yao ni hiyo moja: mbona nijisumbue, na ibada yangu haipokewi?

Hesabu hii ina asili yake, na asili hiyo ni ya kweli. Lililoharibika ni vile tulivyoifahamu. Mimi si mufti wala sitoi fatwa. Lakini nimekaa chuoni nikasomeshwa, na haya ninayoyaandika yamo katika vitabu ambavyo masheikh wetu huvidarsisha misikitini. Nimeonelea ni heri kuyaeleza, kwani kufahamu vibaya neno la dini kumewatoa watu wengi msikitini kuliko ulevi wenyewe.

Hadithi yenyewe imepokewa na Abdullah bin Umar katika kitabu cha Tirmidhi, na na Abdullah bin Amr katika vitabu vya Nasai na Ibn Maja. Maana yake ni kwamba mwenye kunywa kileo, swala yake haikubaliwi kwa siku 40. Na akitubia, Mwenyezi Mungu humpokelea toba yake. Kisha hadithi yaendelea: akirudia, hukumu ni ile ile, na akitubia hupokelewa. Ifikapo mara ya nne ndipo linapokuja kemeo kubwa, la kunyweshwa usaha wa watu wa Motoni. Naomba msomaji atazame neno la toba limewekwa wapi. Halikuwekwa mwisho wa kitabu. Limefuatia pale pale, baada ya kutajwa hizo siku 40. Watu wetu wameishika nusu ya kwanza ya maneno, wakaiacha nusu ya pili.

Tuje sasa kwenye hilo neno "haikubaliwi". Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka wa 676 Hijria, yaani 1277, ndiye mwenye kitabu cha Minhaji, ambacho sisi watu wa madhehebu ya Shafi twakijua vyema. Yeye alipoisherehesha Sahihi ya Muslim aliifikia hadithi nyingine yenye hesabu kama hii, ya mtu anayemwendea mpiga ramli, ambaye naye swala yake haikubaliwi masiku 40. Akaeleza kwamba maana yake ni kuwa mtu huyo hapati thawabu, lakini faradhi imemtoka shingoni, wala halazimiki kuirudia swala hiyo. Na wanavyuoni wakaifahamu hadithi ya mnywaji kwa njia iyo hiyo.

Ni kama mtu aliyelipa deni asipewe hata ahsante. Ahsante hakupata, lakini deni limekwisha. Ama yule anayekaa siku 40 bila ya kuswali kwa kuwa alikunywa, huyo hakupata ahsante na deni pia liko pale pale. Kwa siku 40, swala tano kila siku, ni swala 200 amezibeba mgongoni juu ya dhambi ya kunywa. Alikuwa na kosa moja, sasa ana makosa 201. Je, hiyo ndiyo faida aliyoikimbilia?

Na Qurani yenyewe imetufunulia shabaha ya adui. Katika Sura ya Maida, aya ya 91, twaambiwa kuwa shetani ataka kutumia ulevi na kamari kututia uadui na chuki, na kutuzuia na kumkumbuka Mungu na kuswali. Basi anayekunywa usiku mmoja, kisha akaacha swala siku 40, amemlipa shetani ujira wake kamili na kumwongezea bakshishi.

Wako wengine wanaoieleza hadithi kwa tumbo. Husema kwamba pombe hukaa mwilini siku 40, na ndiyo sababu. Haya si kweli. Ini la mwanadamu huivunja pombe kwa masaa. Aliyekunywa jana, kesho kutwa kwa kawaida haimo tena katika damu yake. Lau jambo lingekuwa ni la tumbo, toba isingefaa kitu, kwa sababu toba haioshi tumbo. Jambo lenyewe ni la moyo, ndiyo maana dawa yake ikawa ni ya moyo.

Lipo jambo ambalo ni lazima lisemwe wazi, nisije nikafahamika kuwa nafungua mlango wa kuja msikitini na chupa. Aliyelewa haruhusiwi kuswali hali ya kuwa hajui asemalo. Hayo yamo katika Sura ya Nisaa, aya ya 43, iliyoteremka kabla ya ulevi kuharimishwa moja kwa moja, baada ya mtu mmoja kuwaswalisha wenzake akiwa amelewa akaivuruga Sura ya Kafirun. Mlevi na angoje akili zimrudi. Zikimrudi, aoshe kinywa chake na nguo iliyoingia kileo, kwani katika madhehebu yetu kileo ni najisi. Atawadhe upya, kwa kuwa akili ikiondoka udhu huvunjika. Kisha azilipe swala zilizompita. Huko ndiko kungoja kulikoko katika sheria: kungoja akili, masaa machache. Siku 40 za kungoja nje ya msikiti hazimo.

Ama toba, masharti yake tunayajua tangu utotoni: kuacha, kujuta, na kuazimia kutorudia, na ikiwa kuna haki ya mtu, kumrudishia. Anayepanga kunywa Jumamosi na kutubia Jumapili hakutubia; amefanya mzaha, na mzaha wa namna hiyo hauna salama. Lakini aliyeazimia kwa kweli, kisha siku nyingine nafsi ikamshinda, toba yake ya kwanza haikuwa bure. Na atubie tena. Kemeo la mara ya nne ni la kutisha, na limewekwa ili litishe, lakini wanavyuoni wengi hawakulifanya kuwa ni kukatiwa rehema, kwani Mtume (S.A.W.) ametufunza kwamba toba hupokelewa maadamu roho haijafika kooni, na Sura ya Zumar imetukataza kukata tamaa. Mkataji tamaa na mwenye mzaha wote wawili wamekosea njia, kila mmoja kwa upande wake.

Tuwatazame wale waliotutangulia. Anas bin Malik, kama ilivyo katika Bukhari na Muslim, alikuwa nyumbani kwa Abu Talha akiwanywesha watu kinywaji cha tende. Mpiga mbiu akapita kutangaza kuwa ulevi umeharimishwa. Abu Talha akamwambia Anas atoke akaumwage, ukamwagika mpaka ukapita katika njia za Madina. Hapakuwa na aliyesema wacha nimalize hiki kilichomo kikombeni. Hapakuwa na aliyekaa kuhesabu imebaki miezi mingapi kufika Ramadhani. Toba ilikuwa ni ya saa ile ile.

Sasa nataka niseme na sisi tusiokunywa, maana nasi tumo. Katika Bukhari kuna kisa cha mtu mmoja aliyekuwa akimchekesha Mtume, naye alikuwa mnywaji, akiletwa mara kwa mara na kupigwa. Siku moja mtu akamlaani. Mtume akamkataza asimlaani, akashuhudia kuwa mtu yule ampenda Mungu na Mtume wake. Adhabu hakusamehewa, lakini heshima ya kuwa ni Muislamu hakuvuliwa. Sisi je? Kijana aliyeonekana jana mangweni, leo akiingia msikitini kwa swala ya Magharibi, macho yote humgeukia. Mmoja hukunja kanzu yake, mwengine husogea, na barazani baada ya Isha huwa hana jina ila "yule mlevi". Kesho hatamuona mtu hapo. Kisha twauliza, vijana wamekwenda wapi?

Na tunaogeuka kumtazama ni akina nani? Tirmidhi amepokea kwamba katika jambo la ulevi wamelaaniwa watu kumi, na mnywaji ni mmoja tu kati yao. Wamo mwenye kukamua, mwenye kubeba, mwenye kuuza, na mwenye kula thamani yake. Sisi tuna mashamba ya minazi tuliyoyarithi kwa wazee wetu. Mwenye shamba asiyegusa tembo hata kwa ulimi hukodisha minazi yake kwa mgema, na kodi akaila. Mwengine ana nyumba mjini, chini amepangisha duka la pombe. Hawa safu ya mbele ni yao, na Maulidi yakisomwa wao ndio watandikiwao. Hata siku moja sijasikia mtu akiwahesabia siku 40. Toba si ya mwenye kunuka kinywa peke yake.

Nawaomba makhatibu wetu, ikifika Rajabu, waitaje hadithi hii mimbarini kwa ukamilifu wake, mwanzo na mwisho. Na jamaa wenye mnywaji nyumbani wafahamu jambo moja la kitabibu: aliyekunywa kila siku kwa miaka, akiacha ghafla huweza kutetemeka, kuweweseka, hata kushikwa na kifafa. Hilo si jini, wala si dalili kwamba toba imekataliwa. Apelekwe hospitali apate kuangaliwa, huku akiswali kadiri awezavyo. Kumsaidia mtu asimame katika toba yake ni ibada.

Nafunga kwa ubeti huu:

Siku zile ni kemeo, si kufuli la mlango,
Mwenye kutubia leo, hana haja ya mpango,
Toba ndiyo tegemeo, ya moyo na ya maungo,
Mwenye kuacha kileo, simpe tena mgongo.