Wacheni Kuita Mashilingi "Alama ya Mkeka"

Najua nitatukanwa kwa komenti, lakini wacha niseme. Hapa Kathiani, kwa sisi tunaocheza judo na mieleka, kuna msemo unazunguka: ukitoka mashilingi shingoni, umeiva. Eti ni alama ya mkeka. (Si mkeka wa kubeti, tulieni.) Watu wanapiga picha, wanacheka, na kocha naye anacheka.

Hiyo ni fangasi, wasee. Haijui kama wewe ni bingwa ama ulianza jana. Michezo yetu ni shingo kwa shingo, kifua kwa kifua. Ngozi inasuguana, inatoa jasho, inachubuliwa na kucha za mtu. Fangasi haitaki zaidi ya hapo. Na mkwaruzo huohuo ndio mlango wa bakteria wanaoleta majipu.

Ukiongea juu ya usafi, jibu ni lilelile: "Kwani hujui hii ni Ukambani? Maji utatoa wapi?" Sibishi, nimebeba mitungi kama nyinyi. Lakini hebu tupige hesabu. Kukata kucha kunataka lita ngapi? Kuvua viatu kabla ya kukanyaga mkeka? Kuangaliana ngozi kabla ya mazoezi? Kuanika gi juani badala ya kuikunja mbichi kwa begi mpaka Jumamosi ijayo? Jua tunalo la bure. Kupangusa mkeka kwa sabuni, kisha jiki iliyochanganywa na maji kwa kipimo kilichoandikwa kwa chupa, ni ndoo moja tu. Gi na mwili vinataka maji kweli, lakini mengine yote yalitushinda kwa sababu gani?

Na msiniambie ni shida ya watu wasio na maji. Julai 1989, jimbo la Minnesota, Marekani, wanafunzi 175 wa sekondari walikuwa kwa kambi ya mieleka. 60 kati yao walipata herpesi ya ngozi. Hiyo ni virusi. Ikishaingia haitoki mwilini, inalala tu na kuamka, na ikifika kwa jicho inaweza kuharibu macho. Bomba la maji haliwezi kukukinga kama unakumbatiana na mtu mwenye malengelenge na hakuna aliyemwambia akae kando.

Hapo ndipo kwenye ugonjwa wenyewe: kuficha. Kijana akionyesha doa, anachekwa. Anapoteza nafasi kwa timu. Ada ya mwezi ameshalipa na hairudishwi. Sasa atafanya nini? Atavaa mikono mirefu na kuingia. Mimi simlaumu huyo kijana. Nawalaumu watu wazima waliofanya ukweli uwe ghali kuliko ugonjwa.

Sheria za kuiga zipo. Shirikisho la judo duniani, IJF, linataka gi iwe safi, kavu na isiyonuka, kucha ziwe fupi, nywele ndefu zifungwe. Kwa mieleka ya sekondari kule Marekani, mwenye mashilingi ya ngozi lazima atumie dawa angalau saa 72 kabla ya kurudi, na ya kichwa ni siku 14 za dawa ya kumeza. Kwetu, kurudi ni siku unayojisikia.

Na dawa pia tunazichezea. Kuna wanaosugua kwa gunzi la mahindi halafu wanapaka mafuta taa. Buda, hapo umejichuna na kufungulia bakteria mlango. Mwingine anapaka krimu yoyote aliyopewa na rafiki. Krimu yenye steroidi inatuliza muwasho huku fangasi ikiendelea kutambaa chini kwa chini. Krimu ya fangasi kama clotrimazole inasaidia ngozi, lakini inatumika wiki kadhaa, hata baada ya doa kupotea, si siku nne. Mashilingi ya kichwa hayaishi kwa krimu, yanataka vidonge. Na jipu likiwa na joto, wekundu unaosambaa au homa, wacha kubinya, nenda hospitali.

Makocha, kwa heshima yote, haya ndiyo tunayotaka. Kila siku ya mazoezi, dakika tano, kila mtu akaguliwe: mikono, shingo, uso, kichwa, miguu. Wasichana wakaguliwe na mwanamke. Na wewe kocha ukaguliwe wa kwanza, ili isionekane ni dharau. Atakayepatikana na kitu akae kando na aangalie mafunzo, asilipishwe siku hizo, na nafasi yake imngoje. Hizo siku hazitamuua. Na kabla ya kushona fulana mpya za klabu, nunueni sabuni, jiki na mopu.

Mnaona ni kitu kidogo? Paris 2024, Zeddy Cherotich aliiwakilisha Kenya kwa judo kwenye Olimpiki. Kuna msichana Mitaboni na kijana Kaani wanaoota hivyo. Lakini mama akimnyoa mtoto na kukuta kichwa kimejaa mashilingi, hatauliza kocha ana mkanda wa rangi gani. Atamtoa kwa mchezo, na atakuwa na haki. Halafu tutakaa hapa tukilalamika kwamba wazazi wa Kathiani hawapendi michezo.

Kwa hivyo Jumamosi hii, kabla ya kupasha mwili, muulize kocha wako mbele ya wote: leo tunaangaliana ngozi saa ngapi? Akicheka, uliza tena. Halafu rudi hapa uniambie alijibu nini.