Chanja Moja Inatosha, Ila Tuulizwe Kwanza

Kila muhula tunaomba kontroo namba, tunalipa kwa simu au kwa wakala, tunarudi darasani. Mfumo ulio nyuma yake, GePG wa Wizara ya Fedha, ulianza mwaka 2017. Faida yake? Taasisi ya umma haihangaiki tena kujenga njia yake yenyewe kwa kila benki na kila mtandao wa simu. Njia ipo, yenyewe inaunganishwa tu.

Timu za programu nazo zinaelekea hukohuko. Zamani mwandishi wa programu alimaliza kazi yake, akawaachia wasimamizi wa seva; ikianguka, lawama zinapigwa danadana. Mwaka 2006 Werner Vogels wa Amazon akasema anayejenga ndiye aendeshe. Mwaka 2009 Patrick Debois akaitisha mkutano Ghent, Ubelgiji, na jina la Devopsi likaanza kuvuma. Wazo zuri, halina ubishi. Ila mzigo ukamwelemea mtu mmoja: aandike programu, alinde seva, ahifadhi nakala, aamke usiku ikikwama. Ndiyo maana sasa wanazungumzia uhandisi wa majukwaa: kikosi kimoja kinaandaa zana za pamoja, wengine wanajihudumia.

Kwetu Mlingotini hili tunalielewa bila kompyuta. Mkulima wa mwani anafunga mbegu kwenye kamba, anasubiri maji yapwe, anavuna, anabeba, anaanika. Chanja ya pamoja inampunguzia kazi. Lakini ijengeni mbali na ufuko bila kumuuliza, muone: ataanika mchangani kama kawaida, na chanja itabaki ya kulalia kuku.

Hoja yangu ndiyo hiyo. Jukwaa halifaulu kwa sababu bosi kaamuru litumike. Linafaulu kwa sababu anayelitumia anaona kazi imekuwa nyepesi. Sisi wa ualimu tunafundishwa kuanza na kile mwanafunzi anachokijua. Wajenzi wa majukwaa nao waanzie pale mtumiaji anapokwama.

Basi serikali yetu ya wanafunzi idai jambo moja: jukwaa la pamoja kwa miradi ya mwaka wa mwisho, ili jamaa zetu wa IT wasimalize muhula wakipigana na seva badala ya kushughulikia mradi wenyewe. Na kabla chuo hakijanunua chochote, wahusika wakae nao maabara hata wiki moja, wawatazame wakifanya kazi. Kuuliza hakuna gharama.