Kijana, usipake rangi kabati la shosho

Ukirudi ocha Murang'a, tazama lile kabati la vyombo sebuleni kwa shosho. Limefifia, lina mikwaruzo na alama za vikombe vya chai. Wazo la kwanza ni kulipaka rangi, ama kulitupa na kuleta jipya la mbao za kugandishwa. Subiri kwanza.

Kama ni Meru oak ama kafuri, huenda mbao kama hiyo usiipate tena. Miti ya kiasili imepungua, na Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma. Mafundi wengi leo hutegemea mukima na sipresi za mashambani.

Ule mng'ao wa zamani ulitoka mkononi. Mafundi huuita french polish: shelaki, gundi ya wadudu wadogo wa India na Thailand, iliyoyeyushwa kwa spiriti. Fundi hufunga pamba ndani ya kitambaa safi, huchovya kidogo, kisha husugua kwa miduara, safu nyembamba juu ya nyingine, siku baada ya siku. Katikati hupitisha msasa laini. Hata jina msasa ni la mti ambao majani yake makavu yalilainisha mbao kabla ya karatasi ya dukani.

Kasoro zipo. Maji yakikaa huacha doa jeupe, na sufuria moto huiharibu. Kwa meza ya hoteli, vanishi ya kisasa ni poa zaidi. Lakini safu mpya ya shelaki huyeyusha ya zamani na kushikana nayo, kwa hivyo unarekebisha palipoharibika pekee.

Na hapo ndipo kuna kazi. Wa kupuliza laka kwa kompresa ni wengi, na wanapigania bei. Wa kufufua fanicha kuukuu ni wachache, na wengi wao wamezeeka. Taasisi zetu za kiufundi, kuanzia Michuki hadi Nyeri National Polytechnic, ziwaalike wazee hawa darasani kabla hawajaweka randa chini.

Nawe anza na kiti kimoja. Gusa pembe iliyofichika kwa pamba yenye spiriti. Ikinata, hiyo ni shelaki. Fungua madirisha, kaa mbali na jiko, na usiharakishe. Ukimaliza, mwite shosho ajionee.