Pikipiki za Mutoshi zinahitaji breki kabla ya injini kubwa

Kwa dereva wa pikipiki anayebeba magunia ya madini Mutoshi na viunga vyake hapa Kolwezi, wazo la kung'oa injini ya cc 125 na kufunga ya 150 au 200 kwenye shasi ile ile lina mvuto wake. Mzigo ni mzito, njia ni ya vumbi kiangazi na matope masika, na malipo yanategemea umefikisha nini. Pikipiki ikizimika kwenye mpando, siku imeharibika.

Ufundi wenyewe unawezekana. Pikipiki nyingi za Kichina zinatumia injini zilizoigwa kutoka Honda CG125 ya miaka ya 1970, na injini hizo hutengenezwa kwa ukubwa tofauti huku mashikio yake yakikaribiana sana. Fundi mzoefu hahitaji kiwanda. Lakini kuwezekana si sababu ya kufanya. Kwa wengi, injini kubwa ni jibu ghali na la hatari kwa tatizo lenye jibu rahisi.

Tuanze na chanzo cha udhaifu huo. Kolwezi iko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa huku ni nyepesi kuliko ya pwani, na injini ya kabureta hupoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa sababu hiyo. Kabureta iliyopangwa kwa ajili ya nchi tambarare humwaga petroli kupita kiasi kwa hewa iliyopo: plagi inakuwa nyeusi, moshi unatoka na mafuta yanaisha haraka. Ongeza vumbi lililoziba chujio la hewa, na dereva ataapa kwamba injini yake imechoka. Pengine inahitaji chujio safi na jeti yenye tundu dogo zaidi ndani ya kabureta, basi.

Cha pili ni sproketi. Dereva wa magunia hatafuti mwendo wa kasi, anatafuta nguvu ya kuvuta polepole. Chukua pikipiki yenye meno 15 mbele na 42 nyuma. Ukiweka 14 mbele na 45 nyuma, nguvu ya kuvuta kwenye gurudumu inaongezeka kwa karibu asilimia 15. Kutoka cc 125 kwenda 150 ujazo wa injini unaongezeka kwa asilimia 20. Tofauti ni ndogo, ilhali bei ya sproketi mbili na cheni haifanani kabisa na bei ya injini. Utakachopoteza ni kasi ya juu, na mtu aliyebeba magunia hana kazi nayo.

Wapo watakaosema muda ni pesa, na injini kubwa inaongeza safari. Kwenye barabara tambarare, ni kweli. Lakini kasi ina gharama ambayo haionekani gereji. Pikipiki inayotoka mwendo wa kilomita 40 kwa saa hadi 60, ikiwa na mzigo ule ule, inadai breki zifanye kazi zaidi ya mara mbili ili kuisimamisha. Breki za ngoma zilizokuja na pikipiki ndogo hazijaongezeka hata kidogo. Vivyo hivyo shingo ya shasi, mkono wa nyuma, shokapu na spoku za gurudumu, ambazo zilikuwa zimeshazidiwa na magunia kabla injini haijabadilishwa. Na barabara hiyo tunaitumia pamoja na malori ya madini na watoto wanaotoka shule. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2023, linakadiria kwamba watumiaji wa pikipiki na bajaji ni karibu asilimia 21 ya watu wote wanaokufa barabarani duniani.

Kuna pia suala la namba. Injini ina namba yake, na shasi ina yake. Injini ya mitumba iliyonunuliwa bila risiti inaweza kuwa imetoka kwenye pikipiki ya wizi, na bima iliyokatwa kwa pikipiki ya 125 inaweza kuleta ubishi siku ya ajali.

Hata hivyo, kukamata pikipiki njiani hakutatibu jambo hili. Dereva ni mtu wa mwisho kwenye mnyororo mrefu, na anayepakia gunia la ziada mara nyingi si yeye. Mutoshi imeshaonyesha kwamba kazi ya mikono inaweza kuwekewa utaratibu. Kati ya 2018 na 2020, katika mradi wa Chemaf, Trafigura na Pact, wachimbaji wa ushirika walifanya kazi ndani ya uzio, wakiwa na helmeti na buti, na mashine ziliondoa udongo wa juu kabla hawajachimba. Kama shimo liliweza kupata kanuni, pikipiki inayobeba kinachotoka shimoni inaweza pia.

Ningependa kuona mambo matatu. Vyama vya ushirika na wanunuzi wa madini wakubaliane kiwango cha magunia kwa pikipiki moja, na depo isipokee kilichozidi. Jimbo la Lualaba liweke siku za ukaguzi wa breki, cheni na shasi bila faini kwa anayekuja mwenyewe. Na anayesisitiza kufunga injini kubwa asiruhusiwe kubeba mzigo mpaka abadilishe breki na kuandikisha namba mpya.

Wewe dereva, pesa yako ya kwanza iende kwenye breki, ya pili kwenye sproketi na kabureta. Fanya hivyo, kisha panda mlima ule ule na mzigo halali. Huenda ukaona kwamba injini uliyo nayo inatosha.