Uvimbe wa Ini: Mgonjwa Asihukumiwe Kabla ya Kupimwa



Lipo neno ambalo likishatamkwa juu ya mgonjwa katika vijiji vyetu vya Rungwe, watu huanza kuhesabu siku zake. Neno hilo ni saratani. Likisemwa kuhusu ini, shamba huanza kugawanywa mwenyewe angali hai, na nauli ya kwenda Mbeya huonekana kuwa fedha ya kutupa. Lakini si kila uvimbe wa ini ni saratani, na kumhukumu mtu kabla ya kumpima ni dhuluma, hata kama anayehukumu analia kwa huruma.

Tumfikirie mkulima wa chai na ndizi kwenye miteremko ya Mlima Rungwe, mwanamume wa miaka 40 hivi. Ana maumivu chini ya mbavu za kulia, homa, jasho la usiku, na amekonda. Dawa za malaria amekwisha kuzimeza bila nafuu. Hatimaye kipimo cha altrasaundi kinaonyesha doa kubwa ndani ya ini. Doa hilo laweza kuwa saratani. Ugonjwa huo upo kweli nchini mwetu, mara nyingi ukitokana na virusi vya homa ya ini aina ya B; watoto wetu huchanjwa dhidi yake tangu mwaka 2002, bali mtu wa umri wake hakuipata chanjo hiyo utotoni. Laweza vilevile kuwa jipu, yaani usaha ulioletwa na amiba, kijidudu kiingiacho kwa maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi, kikapenya utumbo na kufuata damu hadi kwenye ini. Jipu hilo huwapata wanaume watu wazima kuliko wanawake, na hupenda kukaa upande wa kulia. Tazameni basi jinsi wagonjwa hawa wawili wanavyofanana! Na mmoja wao aweza kupona kwa vidonge vya metronidazoli, vile tunavyoviita Flagyl, kwa muda wa siku 7 hadi 10, vikifuatwa na dawa ya pili ya kumaliza amiba waliosalia utumboni. Metronidazoli ni miongoni mwa dawa za bei nafuu kabisa.

Picha peke yake haitoshi kuwatenganisha. Jipu changa huweza kuonekana kama nyama ngumu, na saratani iliyooza katikati huweza kuonekana kama usaha. Choo kikipimwa, mara nyingi hakionyeshi amiba hata pale ini limejaa usaha, kwa hiyo jibu la kwamba hakuna mdudu halimalizi shauri. Hufaa kwanza kuuliza kwa subira: homa ilianza lini, wiki mbili zilizopita au miezi sita? Je, aliwahi kuhara? Kisha damu ipimwe. Daktari akiona vema, sindano huingizwa kwa kuongozwa na altrasaundi, na jipu la amiba kwa kawaida hutoa usaha mzito wa rangi ya chokoleti. (Sindano hiyo si ya kuchomwa na yeyote. Kifuko cha minyoo itokayo kwa mbwa kikitobolewa bila tahadhari chaweza kuua.) Hata tiba yenyewe hutoa ushahidi, maana mwenye jipu la amiba huanza kupata nafuu ndani ya siku 3 hadi 5.

Upo pia uvimbe adimu zaidi, ambao Pack na Baker waliueleza mwaka 1953: chembe za kinga ya mwili hurundikana ndani ya ini na kufanya donge lifananalo kabisa na saratani, wala si saratani. Wagonjwa wengine wamekatwa sehemu ya ini ndipo ikajulikana. Kwa donge la namna hiyo hakuna njia ya hakika ila kinyama kidogo kichunguzwe kwa darubini.

Wazee wetu hawakuwa wavivu wa kutafuta chanzo cha kifo. Monica Wilson, aliyefanya utafiti Unyakyusa pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, aliandika jinsi uchawi ulivyosadikiwa kuwa chatu akaaye tumboni, na jinsi maiti zilivyopasuliwa ili kutazama ndani. Imani hiyo hatuitetei. Ila haja ya kutazama ilikuwa ya kweli. Ilichelewa tu, maana mtu alikuwa amekwisha kufa. Na mpaka leo, tumbo lililovimba lisipopata jibu hospitalini, jibu litatafutwa kwa jirani, naye jirani huyo mara nyingi ni bibi kizee asiye na mtetezi.

Hospitali zipo, Makandana hapa Tukuyu na Igogwe. Lakini uchunguzi mkubwa zaidi uko Mbeya, mwendo wa kilomita 70 hivi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023. Tuna haki ya kuidai itekelezwe mpaka imfikie mkulima huyu. Wakati huohuo tujitazame wenyewe. Msiba ukitokea, jumuiya hukusanya fedha, mchele na kuni kabla jua halijatua. Je, tumewahi kuchanga kwa haraka hiyo ili mtu apigwe altrasaundi?

Anayemsindikiza mgonjwa wa namna hii na amwulize daktari kwa adabu: mmejuaje kuwa ni saratani, na je, jipu limeondolewa shakani? Majibu ayaandike kwenye daftari la mgonjwa, pamoja na tarehe, kwa sababu daktari wa Mbeya atayahitaji.