Usingizi nao ni taaluma, vijana wetu wafunguliwe mlango

Katika miaka zaidi ya ishirini niliyoshika chaki, adhabu ninayoijutia kuliko zote niliitoa kwa sababu ya usingizi. Kijana mmoja wa mwaka wa pili wa sekondari alikuwa akilala darasani karibu kila siku. Hakuwa mtundu wala hakuwa na makundi mabaya, lakini kipindi cha kwanza kikifika nusu, kichwa kilikuwa kimeshagusa dawati. Nilimpigisha magoti mbele ya wenzake. Nilimwita mvivu. Siku moja nilimtoa nje akasimama juani mpaka kengele ikalia. Mimi nilisomea ukimbizini, mkoani Kagera nchini Tanzania, ambako mwalimu wetu alikuwa na fimbo ya mpera na hakuna aliyethubutu kusinzia mbele yake, nami nikadhani hivyo ndivyo mtoto anavyofundishwa.

Mwisho wa muhula mama yake alifika shuleni. Hakuja kulalamika. Alikuja kuomba radhi kwa niaba ya mwanawe, kisha akasema jambo ambalo ilinipasa kuliuliza mimi tangu mwanzo: "Mwalimu, huyu mtoto usiku anakoroma kama mzee, halafu ananyamaza kabisa, mpaka mimi natoka kitandani kwenda kumtikisa." Alipelekwa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Ikaonekana mafindofindo yamevimba kiasi cha kuziba njia ya hewa kila alipolala. Yaliondolewa, na muhula uliofuata kijana huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono kwenye hesabu.

Habari hizo zilienea darasani, kama zinavyoenea habari zote za darasani. Ndipo msichana mmoja akaniuliza kama kuna watu wanaosomea usingizi, na kama ni kazi inayolipa mshahara. Nilicheka, na darasa zima likacheka pamoja nami. Makala haya ni jibu ninalomwia msichana yule.

Kazi hiyo ipo, na inalipa mshahara. Katika nchi zenye maabara za usingizi, mgonjwa hufika jioni na nguo zake za kulalia. Mtaalamu humbandika vihisio kichwani vya kusoma umeme wa ubongo, na vingine pembeni mwa macho, kidevuni na miguuni. Humfunga mikanda kifuani na tumboni ili kufuatilia pumzi, humwekea kijimrija puani na kifaa kidoleni cha kupima oksijeni katika damu. Taa huzimwa, naye hukesha chumba cha pili mbele ya kompyuta. Kulipokucha, rekodi husomwa kwa vipande vya sekunde 30. Usiku wa saa nane una vipande 960, na kila kimoja lazima kipewe jina lake: macho, usingizi mwepesi, usingizi mzito, au ule ambao macho huzunguka chini ya kope na ndoto huja kwa wingi. Pumzi ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi huhesabiwa. Mtu mzima ambaye pumzi yake hukatika au kupungua mara 5 au zaidi kwa saa huanza kuhesabiwa kuwa mgonjwa. Kwa mtoto, hata mara moja kwa saa humtia daktari shaka. Yule mwanafunzi wangu hakupimwa kwa njia hii. Aliokolewa na masikio ya mama yake.

Wala si ugonjwa wa watu wachache. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Lancet Respiratory Medicine yalisema kwamba watu milioni 936 duniani, wenye umri wa miaka 30 hadi 69, hukatikiwa pumzi usingizini. Wengi wao hawajui. Wanachojua ni kwamba wanaamka wamechoka. Sasa mchukue mtu wa namna hiyo, umpe usukani wa lori la mizigo kutoka Dar es Salaam kupitia Rusumo hadi Kigali, safari ya takriban kilomita 1,500. Ajali ikitokea tunaandika "mwendo kasi", na mambo yanaishia hapo.

Jambo lililonivutia zaidi nilipoanza kusoma habari hizi ni kwamba taaluma yenyewe ilijengwa kwa kiasi kikubwa na wanafunzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika Chuo Kikuu cha Chicago, profesa Nathaniel Kleitman alikuwa na mwanafunzi aitwaye Eugene Aserinsky, mtu wa mke na mtoto asiye na fedha, ambaye alipewa kazi iliyoonekana ya kipuuzi ya kutazama kope za watoto wachanga waliolala. Aserinsky alifufua mashine kuukuu ya kupima umeme wa ubongo, akambandika vihisio mwanawe Armond, aliyekuwa na umri wa miaka minane, akakesha. Hivyo ndivyo ulivyogunduliwa ule usingizi wa macho yanayozunguka, na taarifa yake ikatoka katika jarida la Science mwaka 1953. Katika maabara hiyo hiyo alikuwamo mwanafunzi wa udaktari, William Dement, ambaye mwaka 1970 alianzisha kliniki ya magonjwa ya usingizi katika Chuo Kikuu cha Stanford. Na kwa Dement akajifunza kazi Mary Carskadon, ambaye mwaka 1976 alianza kukusanya watoto kila kiangazi katika kambi ya kupima usingizi, akaonyesha kuwa kijana anapobalehe haja yake ya kulala haipungui kama wazazi wanavyodhani. Baadaye mama huyo, akiwa Chuo Kikuu cha Brown, kwa miaka mingi amechukua wanafunzi wa shahada ya kwanza wakati wa likizo na kuwafundisha kupima usingizi kwa mikono yao wenyewe.

Huo ndio mnyororo ninaoutaka hapa kwetu. Kule Tanzania wanafunzi husema wanakwenda fildi. Sisi tunasema sitaji. Jina si hoja. Hoja ni kwamba mara nyingi mwanafunzi wetu anayekwenda kufanya mafunzo hospitalini hupewa daftari la kuandikisha wagonjwa, hutumwa chai, na baada ya miezi mitatu hugongewa muhuri. Hakuna anayempa kope za kutazama.

Najua nitajibiwa kwamba nchi ina malaria, ina upungufu wa madaktari, na kwamba usingizi ni anasa ya wenye shibe. Hoja hiyo naiheshimu, lakini sikubaliani nayo. Malale ni ugonjwa wa kwetu, wala si wa Chicago. Watu wengi hudhani mgonjwa wa malale analala sana. Mfaransa Alain Buguet na wenzake waliwapima wagonjwa katika nchi kama Cote d'Ivoire na Kongo-Brazzaville kwa saa 24 mfululizo, wakaona kwamba jumla ya usingizi haiongezeki kama inavyodhaniwa. Kinachovunjika ni saa ya mwili, hivyo mgonjwa hulala mchana na kukesha usiku. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Rwanda imefaulu kuutokomeza malale kama tatizo la afya ya jamii, na tuna haki ya kujivunia. Lakini vihisio vilivyotufundisha sura halisi ya ugonjwa huo vilishikwa, kwa sehemu kubwa, na mikono ya wageni.

Ndivyo ilivyokuwa hata kwa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi. Mwaka 2017 David Samson na wenzake walichapisha utafiti ambamo watu wazima 33 wa kabila hilo walivaa vifaa vya mkononi, mithili ya saa, kwa siku 20. Katika zaidi ya saa 200 zilizorekodiwa usiku, muda ambao wote walikuwa wamelala kwa pamoja ulikuwa dakika 18 tu. Daima alikuwapo mtu aliye macho. Watafiti walieleza kuwa huenda ndivyo binadamu walivyolindana tangu kale, wazee wakilala mapema na kuamka mapema, vijana wakichelewa. Niliposoma hayo nilimkumbuka babu yangu. Alivuka mto Akagera mwaka 1961, na sikumbuki kumwona amelala usiku mzima. Tulipoamka kwenda haja tulimkuta ameketi karibu na moto, akituuliza tunakwenda wapi. Sisi wajukuu tulisema ni uzee.

Na tukizungumzia wasiolala, hatuwezi kukwepa mwezi wa Aprili. Kila mwaka wakati wa Kwibuka, darasani ninaona watoto ambao usiku wamekaa na mama anayepiga kelele ndotoni. Hao wamezaliwa miaka mingi baada ya 1994, lakini usingizi wa nyumba huwa mmoja. Kwa mtu aliyekosa usingizi kwa muda mrefu, tiba inayopendekezwa kwanza na mabingwa si vidonge. Ni mazungumzo na mazoezi maalumu ya kurekebisha mazoea ya kulala na mawazo yanayomkesha mtu, na ndoto za kutisha nazo zina mazoezi yake. Haihitaji mashine ya gharama. Inahitaji mtu aliyefundishwa, anayesema Kinyarwanda, na mwenye subira. Wahitimu wetu wa saikolojia wanaotafuta kazi kwa miaka wangeweza kuifanya.

Nitoe mfano mwingine, ambao ulitupita mbele ya macho. Novemba 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba kuanzia Januari 2023 shule zianze saa 2:30 asubuhi. Walimu wengi tulinung'unika kwamba jioni tutachelewa kufika nyumbani. Lakini yalikuwa mabadiliko ya nchi nzima kwa siku moja, jambo ambalo mtafiti wa usingizi angeliotea maisha yake yote! Wataalamu wanasema kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Wanafunzi wachache wa chuo kikuu, wakipewa vifaa vya mkononi na madaftari, wangeweza kuingia shule kumi kabla ya Januari na kurudi shule zile zile baadaye, wakatuambia kama mtoto wa kutwa amepata usingizi zaidi au ameongeza tu muda wa kuchota maji. Na mtoto wa bweni, ambaye katika shule ninazozifahamu huamshwa na kengele kabla jogoo hajawika ili akajisomee, je, yeye amepata nini?

Ninachoomba si jumba jipya. Hospitali ya Ndera inapima umeme wa ubongo kwa wagonjwa wa kifafa, na anayejua kubandika vihisio hivyo amekwisha kupanda ngazi ya kwanza ya kazi hii. Chuo Kikuu cha Rwanda kina shule ya udaktari. Vyuo vya ufundi vina vijana wanaofungua na kufunga kila kitu chenye injini, na ikumbukwe kwamba mashine ya kwanza ya kusukuma hewa puani, aliyoieleza Colin Sullivan wa Sydney mwaka 1981, ilitumia mota iliyogeuzwa ya mashine ya kufyonza vumbi. Waanze watano au sita: mmoja wa uuguzi, mmoja wa saikolojia, mmoja wa kompyuta, mmoja wa umeme, na daktari kijana anayeelekea ubingwa wa mapafu au wa mishipa ya fahamu. Waanze na kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni, na watoto wanaosubiri kutolewa mafindofindo. Mmoja wao akapelekwe kujifunza zaidi Johannesburg, ambako Chuo Kikuu cha Witwatersrand kina maabara ya usingizi, kwa mkataba wa kurudi. Hatujachelewa kiasi hicho. Hata Marekani, mtihani wa kwanza wa pamoja wa ubingwa wa tiba ya usingizi ulifanywa mwaka 2007, wakati mimi tayari ni mwalimu.

Lakini walipwe. Hii ni kazi ya usiku, na kijana hawezi kukesha bure miezi mitatu, kisha asubuhi atembee kwa miguu hadi chumba cha kupanga ambako jirani amefungua redio. Apewe posho na usafiri, na mchana wake uheshimiwe kuwa ndio usiku wake. Kwa wasichana jambo la usafiri ni zito zaidi, na hospitali itakayolipuuza isishangae ikibaki na wavulana watupu.

Msichana aliyeniuliza lile swali sasa yuko mwaka wa sita, anasoma fizikia, kemia na biolojia. Wiki iliyopita alikuja ofisini, safari hii bila kucheka, akaniomba barua ya kumtambulisha ili likizo ijayo akafanye mafunzo mahali wanapopima usingizi. Barua nimeiandika kwa mkono wangu na kuipiga muhuri wa shule. Nimeeleza alama zake, na nimeeleza kwamba anaweza kukesha. Ipo mezani kwangu ninapoandika haya, na mahali pa jina la hospitali nimepaacha wazi.