Toa Hiyo Matatu Chini ya Kitanda

Hii ni ya wasee wanaounda magari madogo. Najua unajijua. Uko na wembe na rula, gundi imekukaukia vidoleni, na chini ya kitanda kuna boksi ya viatu yenye gari umeifanyia kazi miezi minne na hakuna mtu umewahi kuonyesha. Yangu ilikaa hapo miaka miwili.

Nilianza kuificha siku moja nikiwa ndani ya mat kutoka Kangemi nikienda tao. Nilikuwa nimeipakata, Hiace ya manila, skeli ya 1/24, bado haijapakwa rangi. Jamaa wa kiti cha mbele akageuka akaniuliza, "Hiyo ni ya mtoto wako?" Nikasema ni yangu. Mat nzima ikacheka, konda akacheka zaidi. Nilikuwa na miaka 19. Nikavua jaketi nikaifunika mpaka tao, na nilipofika nyumbani ikaenda chini ya kitanda.

Sasa nina maneno na huyo jamaa. Halafu nina maneno na sisi wenyewe.

Nianze na yeye. Mtu mzima atakaa dakika tisini akitazama watu ishirini na wawili wakikimbiza mpira huko London, na nauli ya kesho ameshaibeti, na hakuna anayemuuliza kama ni ya mtoto wake. Lakini mimi nikishika kisu na manila, nimekuwa mtoto. Hebu tupige hesabu kidogo. Hiace ya kisasa ina urefu wa karibu mita 4.7. Gawanya kwa 24, unapata sentimita 19 na nusu hivi. Upana wa mita 1.7 unakuwa sentimita 7. Mlango, dirisha, kioo cha pembeni, kila kitu kinagawanywa hivyo hivyo. Ukikosea milimita moja kwa meza yako, kwa gari ya kweli umekosea sentimita 2.4, na mlango wa kuburuta haufungi. Nimeenda mahali pa kuosha magari na tepu ya kupimia mara tatu kwa sababu ya mlango mmoja. Kama huo ni utoto, basi niacheni nisikue.

Sasa sisi. Ndani ya hii kazi yetu kuna watu wanaoamini kwamba kama hukununua boksi kutoka Japani, hujaunda kitu. Gari ya boksi ndiyo modeli, gari ya manila ni "ile ya CBC". Mtoto wa Uthiru anatuma picha ya basi aliyoikata kwa mkono, mtu anamwandikia, "Jaribu kit ya kweli siku moja." Na huyo mtoto hatumi tena.

Mimi nauliza: matatu yenyewe imetoka kwa boksi gani? Zile basi kubwa za Isuzu zinaanza zikiwa kichwa na chesisi, nyuma hakuna kitu. Bodi yote unayoikalia inaundwa na mafundi wa hapa hapa, vyuma vya mraba vinachomelewa, mabati yanakunjwa, halafu msanii anakuja kupuliza sura za watu na maneno. Nganya ni kazi ya mkono kutoka sakafuni mpaka paa. Kwa hivyo ukiunda matatu ndogo kwa manila, bati la Kimbo na plastiki ya chupa, unafuata njia ile ile iliyounda ile kubwa. Hakuna mtu anafaa kukuambia hiyo si modeli ya kweli.

Na sina ubaya na boksi. Mwaka wa 1971 Datsun 240Z ilishinda Safari Rally, Edgar Herrmann akiwa kwa usukani na Hans Schüller kando yake. Kampuni ya Hasegawa ya Japani imeiuza gari hiyo kwa skeli ya 1/24. Fikiria hiyo: vumbi ni yetu, matope ni yetu, na kumbukumbu inakuja kwa meli kutoka Japani. Siku nikipata pesa ya hiyo boksi nitaiunda na nitaifurahia. Wajapani walikumbuka gari yao, na walifanya vizuri. Lakini namba 23 ya Kangemi itakumbukwa na nani? Namba 46 ya Kawangware je? Sijui kiwanda chochote kitakaa chini kutuundia hizo. Tusipoziunda sisi, zimeenda.

Na zinaenda haraka. Mwaka wa 2004, sheria za Michuki zilipoanza kutekelezwa, matatu zikaambiwa zivae rangi moja na mstari wa manjano. Grafiti zikafunikwa. Baadaye zilirudi, lakini zile za kwanza hazikurudi. Uliza wakubwa wako kuhusu manyanga za miaka ya tisini, wataongea na macho yanang'aa, halafu uwaombe picha. Wengi hawana.

Mjomba wangu alikuwa dere wa Hiace ya Kawangware. Mwenye gari aliiuza, ikapakwa nyeupe, mara ya mwisho kuiona ilikuwa imebeba kabeji. Mjomba hakusema kitu, alirudi tu nyumbani akakaa. Mwaka jana nilitoa ile boksi chini ya kitanda nikaigeuza ile manila yangu kuwa gari yake. Nilikuwa na picha mbili za simu, na moja ilikuwa na kidole cha mtu. Nilipomaliza nikampelekea. Aliishika kwa mikono miwili. Akaigeuza polepole, kisha akasema, "Taa ya nyuma ya kushoto ilikuwa na ufa. Na hapa mlangoni nilikwaruzwa na mkokoteni."

Nilichukua sindano nikachora ule ufa akiwa ameketi hapo. Halafu akaanza kuongea, na tukalala saa saba usiku. Miaka yote nimekuwa mpwa wake sikuwa najua nusu ya hayo mambo.

Kwa hivyo usiniambie huna vifaa. Soli ya slipa kuukuu inatoa magurudumu. Chupa ya soda inatoa madirisha. Luthuli Avenue kuna bulbu ndogo za LED za taa, Kirinyaga Road kuna rangi za magari. Wenye kutengeneza mabango hutupa vipande vya plastiki ambavyo kwako ni bodi nzima; omba kwa adabu.

Wala usiniambie yako ni mbaya. Yangu ya kwanza niliipuliza rangi yote siku moja, manila ikalowa ikajikunja kama chapati. Ya pili nilibandika madirisha kwa supaglu, mvuke wake ukaacha ukungu mweupe kwa plastiki, ikakaa kama mat imejaa moshi. Sasa najua: rangi ni tabaka nyembamba, unangoja ikauke, unapitisha msasa laini, unarudia. Madirisha ni gundi nyeupe ya seremala. Na rangi ya kupuliza ni nje, na mdomo umefunikwa, mapafu hayauzwi Kirinyaga Road. Haya yote niliyajua kwa kuharibu.

Sisemi kila kitu kisifiwe. Ukiniletea gari magurudumu yamepinda, nitakuambia yamepinda. Lakini nitakuambia pia vile mimi huyanyoosha, na kesho utaniletea tena. Hiyo ndiyo tofauti ya fundi na mtu wa kucheka wengine. Wewe mwenye maboksi kumi kwa rafu, hiyo ndiyo kazi yako kwa yule mtoto wa Uthiru.

Wiki hii toa hiyo gari. Imalize hata kama taa moja iko juu kuliko ingine. Halafu igeuze, na chini yake uandike kwa kalamu isiyofutika: rauti, mwaka, na jina la aliyekuwa akiiendesha kama unalijua. Hapo kwa rauti na mwaka ndipo kuna maana yote.

Na ukipanda mat nayo, usiifunike. Mtu akikuuliza kama ni ya mtoto wako, mwambie ni yako, kisha umuulize yeye alikuwa akipanda nganya gani akienda shule. Utafika steji yako na bado hajamaliza.